Nyumba yangu Kiamunyi haipati mnunuzi: niiuze kwa bei gani?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu. Nina nyumba Kiamunyi, Nakuru, ya vyumba vinne vya kulala, ploti ya hamsini kwa mia, kama mita mia nne kutoka kwenye lami. Niliijenga kidogo kidogo kati ya 2011 na 2016, na kwa hesabu zangu imenila karibu milioni 8 pamoja na ploti. Mimi na mke wangu tunataka kurudi nyumbani Busia. Jirani aliye kando ya lami anaomba milioni 16, kwa hiyo mimi niliweka 15, tangu Februari mwaka jana. Watu wamekuja kuona, wengi tu, lakini hakuna aliyetaja bei. Broka mmoja ananiambia nikubali milioni 7 na nusu, nami naona anataka kuninyonya. Binti yangu anasema tuikodishe na kusubiri barabara kuu ipanuliwe, bei itapanda. Nimsikilize nani?

Jibu: Mwalimu, salamu kwako na kwa mama.

Kati ya hao wote hakuna aliye sahihi kabisa. Aliye karibu zaidi na ukweli ni huyo broka, ingawa sidhani kama ni ukweli uliomsukuma kusema. Kwa maelezo uliyonipa, na kabla mthamini hajaingia humo ndani na kipimo chake, ningetarajia nyumba hiyo iuzwe kati ya milioni 8.2 na milioni 8.9. Najua si jambo la kufurahisha kusoma ukiwa umekaa mwaka mzima na 15 kichwani. Acha nikuoneshe nilivyofika hapo, kisha wewe uweke takwimu zako za kweli pale nilipoweka za kukisia.

Tuanze na mnunuzi. Mtu anayesimama getini kwako ana kiasi fulani cha pesa, na yapo mambo anayoweza kuyafanya kwa pesa hizo hizo bila kukuhitaji wewe. Nakuru, jambo la kwanza ni kununua ploti tupu hatua chache kutoka kwako na kujenga. Ardhi tupu bado ipo Kiamunyi, ipo Ngata, ipo Lanet, ipo upande wa Bahati. Mafundi wapo, na kila familia ina shemeji aliyewahi kusimamia ujenzi. Kwa hiyo gharama ya kuanza upya ndiyo dari ya bei yako. Ukiipita dari hiyo, mnunuzi hatabishana nawe, atakushukuru kwa chai na kuondoka. Ndivyo wamekuwa wakifanya.

Tufanye hesabu hiyo kwa mfano. Chukulia ploti kama yako, ndani mita mia nne kutoka lami, inauzwa milioni 1.8. Chukulia nyumba yako ni mita za mraba 160, na mkandarasi wa kawaida, si yule wa ndoto wala yule wa kukimbia na saruji, anataka shilingi 40,000 kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni milioni 6.4. Ongeza ukuta wa nje, geti, tangi la maji, shimo la maji taka, kuvuta stima na idhini za ujenzi, tuseme laki 8. Jumla ni milioni 9. Hiyo ndiyo bei ya kitu kipya. Chako si kipya. Nyaya za umeme zina umri, makabati ya jikoni yameanza kulegea, rangi imepigwa na jua, na mabomba ya miaka kumi huanza kudai haki yao. Ukitoa asilimia 12 hivi ya thamani ya jengo kwa sababu ya uchakavu, laki 8 zinaondoka, unabaki na milioni 8.2.

Hapo ndipo nyumba iliyokwisha kujengwa inapojidai kidogo. Anayenunua kwako hasubiri mwaka mzima, halipi kodi ya nyumba huku akijenga, hagombani na fundi aliyetoweka na malipo ya kwanza. Kwa amani hiyo watu hulipa kitu, na kwa kuona kwangu ni laki kadhaa, si mamilioni. Ndiyo maana nikasema 8.2 hadi 8.9. Badilisha bei ya ploti na bei ya mita ya mraba kwa zile utakazoambiwa na wauzaji wa ploti na makandarasi wawili wa eneo lenu wiki hii, na utapata jibu lililo bora kuliko langu.

Utaniuliza: na milioni 8 nilizotumia? Basi nimejengea hewa? Naelewa, lakini kiasi ulichotumia hakimhusu mnunuzi. Hajui kwamba ulibomoa ukuta wa sebule mara mbili, wala kwamba uliweka msingi wa ghorofa ambayo hukuijenga. Kumbukumbu hizo ni zako na mama. Shilingi ya 2012 pia si ya leo. Ukitaka kujua kama ulipata au ulipoteza, hesabu hata kodi ya nyumba ambayo hukulipa kwa miaka yote mliyoishi humo. Lakini hizo risiti zitunze. Nitazirudia tukifika kwa KRA, watoza kodi wa serikali.

Sasa jirani. Milioni 16 ni anachoomba. Hakuna aliyekwambia ameuza. Nchi hii bei zinazoonekana, kwenye mabango na kwenye simu, ni za kuombwa. Bei zilizolipwa zimefungiwa kwenye faili za mawakili na benki. Mtaani watu hulinganisha maombi na maombi, kila mmoja akipandia bega la mwenzake, na mwisho mtaa mzima unaamini bei ambayo hakuna aliyewahi kuilipa. Zaidi ya hayo, nyumba yake na yako si bidhaa moja. Aliye kando ya lami anauza uso wa barabara. Anayeinunua anaweza kuvunja ukuta akafungua duka la dawa, akajenga vyumba vya kukodisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabarak, akaegesha malori. Mita mia nne ndani, kwenye maramu, unauza mahali pa kulala na kulea watoto.

Kuna jambo la dola pia, ambalo wengi husahau. Januari 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160. Mtoto wa Nakuru aliyeko Marekani na dola 60,000 zake alikuwa na shilingi milioni 9.6 za kununulia. Kufikia Agosti mwaka huo huo shilingi ilikuwa imepata nguvu hadi karibu 129, na dola zile zile zikawa milioni 7.7. Hakupoteza hata senti moja kule aliko, lakini mtaani kwenu alikuwa amepungukiwa na karibu milioni 2. Wauzaji wengi walioweka bei wakati dola imepanda hawakuishusha iliposhuka. Kama jirani yako aliweka bango lake wakati huo, anaomba pesa za soko ambalo halipo tena. Na mambo ya jiji ni hayo hayo. Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, kila mwenye ploti aliongeza kitu. Mishahara ya wanunuzi haikupewa hadhi yoyote siku hiyo.

Nani basi atanunua nyumba yako? Mwekezaji mwondoe. Tuseme nyumba kama yako inakodishwa kwa 35,000 kwa mwezi, yaani 420,000 kwa mwaka. Kwa aliyeilipia milioni 15, hiyo ni asilimia 2.8, kabla ya kodi na kabla ya kupaka rangi. Hata akilipa milioni 8.5 ni chini ya asilimia 5. Mwenye pesa za namna hiyo anakumbuka kwamba Februari 2024 serikali iliuza dhamana ya miundombinu iliyolipa zaidi ya asilimia 18 bila kodi. Viwango vimeshuka tangu wakati huo, lakini hata sasa haviwezi kushindwa na 2.8. Kwa hiyo anayekuja kwako ni mtu wa kukaa: mhadhiri wa Kabarak au Egerton, daktari, mwanajeshi anayekaribia kustaafu, au mtoto aliye ng'ambo anayenunulia wazazi.

Watu hawa wengi hutegemea mkopo, wa benki au wa Sacco, na hapo bei ya milioni 15 inakufa kabla haijatamkwa. Chukua mkopo wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 14. Mnunuzi akileta asilimia 10 yake kwenye milioni 15, anakopa 13.5, na malipo yanakaribia 180,000 kila mwezi. Sheria ya ajira inataka makato yasizidi thuluthi mbili za mshahara, kwa hiyo anahitaji mshahara wa 270,000 hivi, na asiwe na mkopo mwingine hata wa gari. Mtu huyo yupo Nakuru, ila anatafuta Milimani, mtaa wa wenye nacho. Kwa milioni 9, mkopo wa 8.1 unalipwa kwa karibu 108,000, mshahara wa kama 162,000. Mume na mke wanaofanya kazi wakijumlisha payslipu zao wanafika hapo. Ndio wanunuzi wako, na hawawezi kukufikia ulipo.

Hata ukimpata mmoja aliyependa nyumba mno hadi akakubali 12, benki itatuma mthamini wake. Akiandika 8.7, benki itakopesha kwa hesabu ya 8.7. Tofauti yote mnunuzi atatakiwa kuileta taslimu, na hana. Mauzo ya namna hiyo huvunjikia mezani baada ya miezi miwili ya matumaini, na kila mmoja amelipa wakili. Ndiyo sababu nakushauri umlipe mthamini wako mapema, aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Wathamini. Anayesema "mimi najua bei za huku" bila leseni si mthamini. Ripoti yake itakuwa na takwimu zaidi ya moja. Thamani ya soko ndiyo yako. Ile ya mauzo ya lazima ni ya mnada. Usiiogope na usiuze kwayo. Ya bima ni gharama ya kujenga upya, haina ardhi ndani yake. Nimeona watu wakichagua iliyo kubwa kuliko zote na kuiandika kwenye bango.

Ukitaka kujipima mwenyewe kabla ya hapo, tafuta nyumba zilizouzwa kweli. Muulize wakili anayeandika mikataba ya upande wenu, bila kutaja majina ya wateja wake, nyumba za vyumba vinne zilifungwa kwa ngapi. Muulize afisa wa mikopo wa Sacco yako. Muulize jirani mpya, yule aliyehamia juzi, maana Mkenya aliyenunua bei nzuri huwa hawezi kuificha. Angalia pia matangazo ya mnada magazetini. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitilia shaka benki ikiuza nyumba iliyowekwa dhamana kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, kwa hiyo bei za minada hiyo zinaweza kukuonesha sakafu ilipo. Kila unapoambiwa bei, uliza swali moja tu: iliuzwa au iliombwa?

Nirudi kwa broka. Milioni 7 na nusu ni kidogo mno, na nadhani najua kwa nini. Unakijua cha juu. Wewe unamwambia 7.5, yeye anamwambia mnunuzi 8.8, na ile milioni na laki tatu inapita katikati yenu bila ninyi wawili kuketi pamoja. Dalili yake ni broka asiyetaka uzungumze na mnunuzi, anayekuja na "mteja wangu" lakini mteja hana jina. Cha juu kina ubaya mwingine: mabroka watano wakiwa na nyumba yako, inazunguka Nakuru kwa bei tano tofauti, na mnunuzi aliyesikia 9, 11 na 15 kwa geti lile lile la kijani anahitimisha kwamba kuna kitu kinafichwa. Chagua wakala mmoja aliyesajiliwa, mwandikiane mkataba, bei iwe moja, malipo yake yawe asilimia iliyotajwa (asilimia 3 ni ya kawaida, nayo huzungumzika), na mnunuzi akutane nawe uso kwa uso.

Na wale wengi waliokuja kuona bila kutaja bei? Hili huenda likakuuma. Nyumba iliyowekwa bei ya juu sana ina kazi yake sokoni: hutumiwa kuuzia nyingine. Dalali anampeleka mteja kwako kwanza, anamwacha ashtuke kwa 15, kisha anavuka naye barabara hadi kwenye nyumba kama yako inayoombewa 9.5. Pale mteja anaona bahati. Mwaka mzima umekuwa ukipokea wageni, ukifagia ua na kuwasha taa, kwa faida ya mwenye nyumba ya pili. Mtu anayeona nyumba ghali kidogo hutaja bei yake. Anayenyamaza ameona pengo ambalo aibu haimruhusu kulitamka, hasa mbele ya mwalimu mzee.

Binti yako ana hoja nzuri, ila imechanganya mambo mawili. Upanuzi wa barabara kuu hiyo, kutoka Rironi hadi Mau Summit, ulizinduliwa Novemba 2025, nao utapita Nakuru. Lakini wenye ardhi kando ya barabara hiyo walikwisha kuongeza bei tangu mradi ukiwa maneno ya magazetini. Kiamunyi yenu iko upande wa barabara ya Kabarak na Eldama Ravine, faida itakayowafikia ni ya kuzungukia. Huenda ikaja. Kusubiri nako kuna bei. Milioni 8.5 zikiwekwa mahali salama panapolipa hata asilimia 8 baada ya kodi, zinaleta 680,000 kwa mwaka, zaidi ya 56,000 kila mwezi. Nyumba iliyokaa kimya ikikusubirisha barabara inakutoza kiasi hicho. Ingelazimu ipande kwa asilimia 8 kila mwaka ndipo mtoke sare, na wakati huo inazeeka.

Kuikodisha ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ya kodi. Anayeuza nyumba yake ya kuishi, akiwa ameishi humo mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza, hasamehewi kwa huruma, anasamehewa kwa sheria: halipi kodi ya faida ya mtaji. Leo ninyi mna msamaha huo mkononi. Mkihamia Busia na kumweka mpangaji, mnaanza kuupoteza. Kodi hiyo ilikuwa asilimia 5, ikapandishwa hadi 15 kuanzia tarehe 1 Januari 2023, nayo hutozwa kwenye faida. Tuseme mnauza 8.8 baada ya miaka miwili ya mpangaji. Ukiwa na risiti za milioni 8, faida ni laki 8 na kodi 120,000. Ukiwa na karatasi za milioni 4 tu, maana fundi wa 2013 hakuandika risiti wala hakuwa na kalamu, faida inahesabiwa 4.8 na kodi inafika 720,000. Juu ya hapo kodi ya mapato ya upangaji ni asilimia 7.5 ya kodi yote ya nyumba mnayopokea. Kwa kodi ya nyumba ya 35,000 kwa mwezi, mpangaji atahitaji karibu miaka miwili kuifidia ile 720,000 peke yake. Mweleze binti yako hesabu hii. Kama bado anataka mkodishe, basi iwe kwa sababu mnataka kubaki na nyumba.

Kuna mambo ya karatasi yanayogusa bei moja kwa moja. Mitaa mingi ya Nakuru ilianza kama mashamba makubwa yaliyonunuliwa na kampuni na vyama vya ununuzi wa ardhi, kisha yakagawanywa kwa wanachama. Bado wapo wanaouza kwa cheti cha hisa na barua ya chifu. Ikiwa hati miliki haiko kwa jina lako, sahau takwimu zote nilizokupa. Mnunuzi wa mkopo hatakuja kabisa, na wa taslimu ataondoa sehemu kubwa kwa ajili ya hofu yake. Ikiwa iko kwa jina lako, angalia ukubwa: ploti ya hamsini kwa mia husomeka karibu hekta 0.045. Ikisoma 0.03, ulichonacho ni arobaini kwa themanini, na bei ishuke. Mwite mpima ardhi aoneshe bikoni kabla mnunuzi hajamleta wake. Lipa malimbikizo ya ada za ardhi za kaunti upate cheti cha kutodaiwa. Kama hati bado ni ya ardhi ya kilimo, mtahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na ombi lake lina muda wake baada ya mkataba kutiwa sahihi. Na mama atie sahihi ridhaa yake mapema. Nyumba ya ndoa haiuzwi na mume peke yake, hata kama jina lililo kwenye hati ni lako tu. Mtaani kwenu bila shaka kuna ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu kwamba mali hii haiuzwi. Ndivyo matapeli walivyowafundisha watu kuogopa. Faili safi, iliyowekwa mezani siku ya kwanza, ndiyo inayokupeleka 8.9 badala ya 8.2.

Kuhusu marekebisho, kidogo. Paka rangi nje na ndani, rangi tulivu. Tengeneza geti linalokwaruza, bomba linalovuja, balbu zilizokufa. Usiweke dari la jipsamu wala jikoni mpya. Utatumia laki 6 na kurudishiwa 2. Jambo moja la hapa kwetu usilipuuze: tuko ndani ya Bonde la Ufa, na sehemu za magharibi ya mji ardhi imewahi kupasuka wakati wa mvua kubwa. Mnunuzi wa Nakuru anatazama nyufa kabla ya kutazama vyumba. Kama ukuta una ufa, hata wa plasta tu, mlete mhandisi aukague na kuandika barua. Usiuzibe kwa rangi mpya. Ataugundua, na hapo ataanza kushuku hata usichoficha. Andika pia wazi maji yenu yanatoka wapi. Maji ya visima vya Nakuru mengi yana floraidi nyingi, na wenye watoto wadogo huuliza. Kama mna mfereji wa kampuni ya maji na tangi la kukinga mvua, hilo liwe kwenye sentensi ya kwanza ya tangazo.

Bei yenyewe iandike milioni 9.2. Hapa watu lazima waombe kupunguziwa, la sivyo wanalala wakijiona wameibiwa, kwa hiyo waachie nafasi ya laki 4 hadi 7. Zaidi ya hapo unawafukuza. Usiandike 10.5 ukitarajia kushuka. Wanaotafuta kwenye mtandao hukata kwenye milioni 10, na hawatajua kwamba upo. Mkubaliane na mama leo, kabla ya mteja yeyote, bei ambayo hamtashuka chini yake, na broka asiijue. Kumbuka mnunuzi ana gharama zake juu ya hiyo bei: ushuru wa stempu ni asilimia 4 kwa ardhi ya mjini na 2 kwa ya mashambani, na wakili wake. Anapolia kwamba 9 ni nyingi, mara nyingine analilia hizo 360,000.

Kabla ya kurudi sokoni, ondoa lile tangazo la zamani kila mahali na unyamaze kwa wiki tatu au nne. Ukishusha kutoka 15 hadi 9.2 usiku mmoja watadhani una shida ya pesa na watataja 7. Piga picha mpya asubuhi, wakala awe mpya, bango liwe jipya. Kisha tazama wiki sita hadi nane. Wasipokuja kabisa, tatizo ni tangazo au bei iko nje ya wigo wa wanaotafuta. Wakija na kutaja 8, uko mahali pake, zungumza. Wakija kumi bila kutaja kitu, shusha mara moja kwa laki 3 au 4, usidondoshe elfu 50 kila wiki, maana hiyo huonekana na wanaongoja udondoshe tena.

Ukimpata, asilimia 10 ya malipo ya kwanza ikae kwa wakili hadi mauzo yakamilike, na umpe mnunuzi muda wa kawaida wa siku 90. Anayenunua kwa mkopo wa benki, pesa zake hutoka baada ya hati kuhamishwa, na mkononi utakuwa na barua ya ahadi ya benki kwa wakili wako. Ni salama, ila si pesa taslimu. Kwa hiyo kule Busia msiagize mawe wala kumlipa fundi kabla ya siku hiyo, hata kama mkataba umeshatiwa sahihi na watu wameshakunywa soda.